Tumechangiwa kwenda kusoma Ujerumani, na mtihani ukitushinda twanyamaza. Haya ndo yaliyonikuta Leipzig

MtotoWaKibokoni:

Assalam aleikum wadau, na habari zenu nyote. Kila siku nasoma maswali ya vijana wetu wa Mombasa wanaotaka kwenda Ujerumani, ni viza, ni lugha, ni nyumba, ni Sperrkonto, na watu wanajibu vizuri mashallah. Lakini kuna jambo moja sijaona mtu akilisema, na mie limenila miezi kumi na moja mizima, kwa hivyo leo nimekaa niliandike lote. Ni refu, mniwie radhi.

Niliondoka Septemba 2022. Kabla ya hapo nilisoma Kijerumani zaidi ya mwaka, asubuhi darasani, jioni namsaidia mamangu barazani maana yeye auza viazi karai na bhajia, na alfajiri mahamri na mbaazi. Mtihani wa lugha nikaenda kufanyia Nairobi. Sasa kwa wasiojua, Sperrkonto ni akaunti unayofungiwa pesa ya kuishi mwaka mzima kabla hawajakupa viza, wakati wangu ilikuwa yuro 10,332, tangu Septemba 2024 ni 11,904. Kwetu ile ilikuwa zaidi ya shilingi milioni moja, na nyumbani kwetu hakuna mtu aliyewahi kushika milioni moja. Mamangu akatoa zamu yake ya chama, mjomba wa Likoni akauza tuktuk, ami akaweka fungu kubwa kuliko wote, majirani mtaa mzima, watu wa msikitini, hata waliotoa shilingi mia mbili. Mamangu akaandika kila jina na kila shilingi kwenye daftari la shule. Majina 41. Hilo daftari likumbukeni.

Siku ya kuondoka dua ikasomwa, sinia za biriani zikapita, nikapanda ndege.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri, sitaki kusema uongo. Mtu wa KCSE, ule mtihani wetu wa kidato cha nne, kama mie huingii chuo moja kwa moja, unapita Studienkolleg kwanza, yaani masomo ya kukutayarisha kwa chuo, mihula miwili, mie nilikuwa kozi ya T ya wanaokwenda uhandisi, hesabu, fizikia na Kijerumani kingi sana. Darasa ni dogo, mwalimu akujua jina, wenzako wote ni wageni kama wewe, Wasyria, Wavietnamu, Wakameruni. Mji wenyewe niliupenda. Leipzig si mji mkubwa wa kukutisha, tramu zafika kila pahali, na Eisenbahnstraße kuna maduka ya Waarabu na Waturuki, unapata nyama ya halali, bamia, tui la nazi la kopo, nilipoliona lile kopo mara ya kwanza nilisimama pale dukani kitambo. Baridi utaizoea, nunua koti zuri basi. Giza ndo gumu zaidi, Disemba saa kumi jioni jua limeshatua na wewe bado una darasa. Jumapili maduka yamefungwa, ukisahau kununua unga Jumamosi subiri Jumatatu.

Pesa ndo watu wa nyumbani hawaielewi. Wanaona yuro elfu kumi. Lakini ile pesa hupewi yote, wakati wangu ilikuwa inatoka yuro 861 kwa mwezi, toa chumba cha hosteli 250 na kitu, toa bima ya afya zaidi ya 100, na ni lazima, toa ule mchango wa redio na televisheni 18.36 ambao kila nyumba inalipa hata kama huna televisheni (mkiwa wengi nyumba moja mnagawana), toa simu na chakula. Ukimaliza mwaka akaunti imekwisha, na kibali cha kukaa kikitaka kuongezwa wanakuuliza tena, pesa ya mwaka ujao iko wapi?

Kwa hivyo nikatafuta kazi. Leipzig ni kituo kikubwa cha mizigo ya ndege na mizigo yenyewe inakuja usiku, basi nikapata kazi ghala moja la vifurushi, naingia kama saa nne usiku natoka karibu alfajiri. Mwanafunzi wa nje wakati ule aliruhusiwa siku 120 nzima kwa mwaka, tangu Machi 2024 ni 140. Mimi sikuzivuka. Lakini ukitoka ghalani saa kumi na moja alfajiri na darasa la hesabu ni saa moja na nusu, darasa gani hilo utaelewa.

Oktoba 2023 ndo nikaingia chuo chenyewe, na hapa nataka mnisikilize sana nyinyi mnaokwenda. Kwetu tumezoea CAT, kila baada ya wiki kadhaa mtihani mdogo, ukiteleza wajua mapema na mwalimu ajua. Kule mambo siyo hivyo. Ukumbi una watu mia tatu, hakuna anayeita majina, usipokuja hakuna anayekuuliza. Mihadhara inaanza Oktoba na kuisha mwanzo wa Februari, halafu mtihani mmoja wa dakika tisini ndo umebeba alama zote. Na unajiandikisha mwenyewe, na ukishajiandikisha usipotokea bila cheti cha daktari ni 5.0. Alama zao 1.0 ndo bora, 4.0 ndo umepita kwa shida, 5.0 umeanguka.

Aprili 2024 matokeo yakatoka. Hisabati 1, 5.0. Mie, mtu wa A ya hesabu tangu darasa la nne.

Mamangu akapiga simu siku ileile, wala hakujua chochote, alitaka kunisalimu tu. Akauliza, mtihani vipi mwanangu? Nikamjibu, alhamdulillah.

Neno hilohilo moja. Sikusema nimepita. Nilijiambia sikudanganya, mtu humshukuru Mungu kwa kila hali. Lakini yeye alisikia nimepita, na mie nilijua ndo atakavyosikia, na kesho yake mtaa mzima umepata habari.

Julai nikarudia. 5.0 tena. Simu ikaja, alhamdulillah tena. Na kuanzia hapo nikaanza kitu kibaya zaidi, nikawa natuma pesa nyumbani ili nionekane niko sawa. Binamu kafukuzwa shule kwa ajili ya karo, natuma yuro 80. Harusi, natuma. Ili nitume naongeza usiku ghalani, nikiongeza usiku sisomi. Wenzangu Wajerumani walikuwa na vikundi vya kusoma na karatasi za mitihani ya zamani, zinapatikana kwa umoja wa wanafunzi wa kitivo, bure kabisa, na mie sikuenda kuomba kwa sababu ningeambiwa "wewe hii mara ya ngapi?" Profesa ana saa za wanafunzi kila wiki, mlango uko wazi. Sikuingia hata mara moja.

Mara ya tatu ilikuwa Februari 2025. Chuo chetu zilikuwa mara tatu tu. Machi barua ikafika, maneno yake ni endgültig nicht bestanden, yaani umeshindwa na hakuna kurudia tena, unafutwa kwenye kozi, na kozi ileile huwezi kwenda kuisomea chuo kingine Ujerumani. Ilikuwa ndani ya Ramadhani. Nikafuturu tende na maji sikuweza kula kitu kingine.

Naswali kisha nitamalizia, maana yaliyofuata ndo sababu ya kuandika.

BintiBamburi:

Kaka malizia tafadhali. Mie naenda Oktoba inshallah na nyumbani wameshaanza kuchanga. Nimesoma hapa mpaka mikono inatetemeka.

MtotoWaKibokoni:

Nimerudi. Nilingoja kwetu ifike saa tatu usiku, wakati wa baridi ni masaa mawili tofauti, nikajua ametoka tarawehe. Alikuwa jikoni amechoka lakini anataka kunionyesha kaimati kwa video. Nikamwambia zima video mama. Nikasema yote, tangu ile Aprili.

Hakulia wala hakunitukana. Alinyamaza, nasikia tu feni ya jikoni, halafu akauliza, mara ya kwanza ilikuwa lini? Nikamwambia tarehe. Akasema, "Mei mwaka jana zamu yangu ya chama ilitoka. Nikaezeka paa. Kama ungenambia ningekutumia zile pesa uache hiyo kazi ya usiku usome. Paa lingengoja."

Wadau, hilo ndo lililonivunja kuliko ile barua. Ile pesa ilikuwepo. Ningekuwa na mara mbili bado mkononi na miezi kadhaa bila ghala. Niliyekuwa namkinga na habari mbaya ndiye aliyekuwa na dawa mkononi, na mie nilimfungia mlango na lile neno langu.

Kisha akaniambia ngoja, nikasikia kabati likifunguliwa. Akaja na daftari. Akaanza kusoma jina moja baada ya jina, pole pole, na kila jina anasema, huyu nitamwambia mie. Huyu mpigie wewe mwenyewe. Majina 41, yeye akachukua 18 mie akaniachia 23. Ramadhani ile nilipiga simu 23.

Mjomba wa Likoni alisikitika kisha akauliza sasa utafanya nini, tukapanga. Ami alikata simu, na simlaumu, yeye ndo alitoa nyingi, mpaka Idi ya kuchinja ndo alipokea salamu zangu. Kuna jirani yetu bibi wa miaka zaidi ya sabini, yeye alitoa shilingi 200, nilipomaliza kumweleza akaniambia, mwanangu mie nilitoa sadaka, sikukukopesha. Halafu akauliza kama huko kuna samaki.

Sa hii niko Ausbildung, ufundi wa umeme, miaka mitatu na nusu, siku nyingine chuo cha ufundi siku nyingine kazini na fundi, na nalipwa kila mwezi. Kibali kilibadilishwa kwa ofisi ya wageni, ilichukua muda na makaratasi lakini ilikubali. Naipenda kazi hii, naisema kwa moyo wangu wote. Lakini uhandisi niliutaka, na bado inaniuma.

Bahari_Kuu:

Pole sana bro. Ila mie nitapinga kidogo. Mie nilimwambia mamangu kila kitu wakati mambo yangu yameharibika (sikuwa Ujerumani, ni nchi nyingine), akapanda presha akalazwa siku nne. Watu wa nyumbani hawawezi kukusaidia kitu uko mbali, unawapa mzigo tu. Mengine mtu ayabebe mwenyewe.

MtotoWaKibokoni:

@Bahari_Kuu pole, na shukran kwa kusema. Sikatai, kila mama na afya yake, na mie siwezi kukwambia ulifanya vibaya. Labda niseme hivi, si lazima awe mama. Lakini awe mtu mmoja wa nyumbani, mjomba, dada mkubwa, maalim wako, mtu ambaye akikuuliza vipi huwezi kumjibu kwa neno moja. Na wa huko huko pia. Lile shirika linaloendesha hosteli na kantini za wanafunzi lina washauri wa bure, wa pesa na wa mambo ya roho pia, na hawapeleki habari zako kwa chuo wala ofisi ya wageni. Mie nilipita mbele ya ile ofisi karibu kila siku nikienda kula.

Kwangu mie kubeba mwenyewe kulinigharimu kozi.

Mpwani_Istanbul:

Huku wengi tuko kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki, karo wanalipa, hosteli, na mwaka wa kwanza ni Kituruki peke yake. Kwa hivyo hakuna daftari la majina. Ila wallahi ile "alhamdulillah" naijua. Nilianguka mtihani wa Kituruki wa kumaliza mwaka nikawa napiga picha za Bosphorus nazipeleka kwa grupu la familia kila Ijumaa. Wote wanajibu mashallah mashallah. Nilirudia nikapita lakini ile miezi sitaki kuikumbuka.

MzeeMwembeTayari:

Vijana, salaam. Mimi ni mzazi, na niko kwenye madaftari kama hayo, kama matatu hivi, kwa hivyo niruhusuni niseme upande wetu.

Tukishamchangia mtoto, twampigia kwa mambo mawili tu. Umepita? Na, waweza kutusaidia kidogo? Hatumuulizi alilala saa ngapi. Mtoto wa ndugu yangu alikwenda India kusoma, kila nikimpigia nilikuwa namtajia nani na nani walimchangia, nikidhani namtia moyo. Nilikuwa namtia hofu. Alipokuja likizo aliniambia mwenyewe, ami, nilikuwa nikiona jina lako kwenye simu tumbo lauma. Nilinyamaza siku ile sikuwa na la kumjibu.

Kijana wa Kibokoni, huyo ami wako usimkatie tamaa. Sisi watu wazima pesa hatuilii sana, twalia kwamba tulijisifu kwa watu. Aibu ni yetu, twawatwika nyinyi.

BintiBamburi:

Shukran Mzee, nitamsomea babangu haya.

Kaka naomba niulize vitu vyangu. Nimeambiwa kule hata ukishajiandikisha mtihani waweza kujitoa, ni kweli? Na nitajuaje ni mara ngapi naruhusiwa? Na kazi nisifanye kabisa?

MtotoWaKibokoni:

@BintiBamburi dadangu, maswali mazuri na natamani ningeyauliza mie.

Kila kozi ina kanuni zake za mitihani zimeandikwa, zaitwa Prüfungsordnung, ziko kwa tovuti ya kitivo, Kijerumani chake ni kizito, kaa na mtu mzisome wiki ya kwanza, usingoje Januari. Humo ndo mna idadi ya mara, vyuo vingi ni tatu, vingine mbili, na mna tarehe ya mwisho ya kujitoa. Ndio waweza kujitoa kabla ya hiyo tarehe na haihesabiwi. Mie Februari ya kwanza nilijua kabisa sijaiva, nikaingia kwa sababu nilidhani kujitoa ni kushindwa. Ukiwa mgonjwa siku ya mtihani nenda kwa daktari siku hiyohiyo, cheti upeleke haraka.

Kazi fanya ukihitaji, pesa itakulazimu, lakini epuka ya usiku muhula wa kwanza. Kazi za ndani ya chuo zipo, maktaba, kantini, hulipwi kama ghalani lakini unalala. Na zile wiki za Februari na Julai usijipangie kazi kabisa.

Ukifika usingoje kualikwa na watu. Wale wa kikundi chako cha mazoezi ya hesabu, kaa karibu nao uwaulize wanasoma wapi. Hawatakuja kwako, si kwamba hawakupendi, ndo walivyo, ukiwaendea wanakupokea vizuri. Mie nililigundua hili huku Ausbildung, nimechelewa.

Na hivi vidogo: andikisha anwani yako ndani ya wiki mbili za kuhamia, bila hiyo karatasi akaunti ya benki inakuwa taabu. Chupa za plastiki usitupe, dukani nyingi yazo warudishiwa senti 25 kila moja. Beba achari na pilipili ya nyumbani, ifunge vizuri.

BintiBamburi:

Nimeandika yote. Mungu akulipe kheri. Mimi nimemchagua dadangu mkubwa, nimemwambia jana usiku, yeye ndo nitamwambia alama zangu zote nzuri na mbaya. Amecheka kwanza halafu akaona simtanii.

Bahari_Kuu:

Nimerudi kusoma. Hilo la mtu mmoja nimelikubali. Mimi nilikuwa na dada pia na sikumwambia, nilikwenda moja kwa moja kwa mama na habari zote kwa siku moja.

MtotoWaKibokoni:

@Bahari_Kuu Mungu ampe mama afya.

@MzeeMwembeTayari maneno yako nimemsomea mamangu kwa simu jana. Alikaa kimya, akaniambia nisome tena pale pa aibu. Kisha akanambia daftari lile bado analo, na kurasa za nyuma ameshaanza kuandika za binamu yangu mdogo, yule niliyekuwa namtumia karo, naye anataka kuja huku akimaliza Kijerumani chake. Ameniagiza nimwandikie mitihani ya mwaka wa kwanza huwa mwezi gani na matokeo yatoka lini, ataka kuyaweka juu ya ukurasa wa kwanza kabla ya majina. Nitamtumia jioni nikitoka kazini.